Kikohozi Ndani ya Boti

Asubuhi ile ya Julai ukungu ulikuwa umeilalia Iyunga kiasi kwamba huoni hata mgomba wa jirani. Tusekile alikuwa anarudi kutoka mtoni na mtungi kichwani. Mbele yake, kwenye kijia, akasikia kikohozi cha baba mkwe wake. Akafanya alivyofundishwa: akaacha njia, akaingia migombani, akajifunika kanga usoni, akageuza mgongo. Kikohozi kikapita, na nyayo zikapita. Akashusha pumzi, akataka kurudi njiani. Hapo hapo kikohozi kilekile, chenye mkwaruzo mwishoni kama msumeno unaokwama, kikasikika tena, na safari hii kilitoka uani, ndani ya boti.

Akasimama katikati ya migomba, maji yakimmwagikia shingoni, hajui amkimbie baba mkwe yupi.

Cheka kama unataka. Lakini kwanza ujue mila za watu hawa, maana bila mila zao jini lisingepata pa kukaa. Kwa Wanyakyusa wa miaka ile, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Sisemi hamzoei; nasema hamwoni. Hamtazami usoni, haongei naye, hakutani naye njiani, jina lake halitamki. Naye mzee mwenye adabu, kabla hajapinda kona ya nyumba yake mwenyewe, hukohoa ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Kikohozi ndiyo hodi yake, tena ndiyo amri yake: nipishe. Tusekile alikuwa na miaka sita katika nyumba ya Mzee Jailos, amempikia, amemfulia, na hakujua kama mzee ana ndevu au hana.

Yote ya kusemwa yalipitia kwa Lusia, binti yake wa miaka mitano. Tusekile akiwa jikoni atasema kwa nguvu, "Lusia, mwambie babu viazi vimeiva," na mzee aliye nyuma ya ukuta, neno lote amelisikia, atajibu, "Lusia, mwambie mama yako ndaga, nashukuru." Mume, Anania, alikuwa Mufindi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Tusekile alikuwa na mtu mmoja tu wa kutazamana naye ndani ya nyumba ile, na mtu huyo ni Lusia. Alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Kama kuna jambo alilomwomba Mungu kila akifumbua macho, ni kwamba huyu amwachie.

Na boti? Ndiyo, boti, Iyunga, huku milimani, ambako ukitoa mto wa kuteka maji, kilichobaki ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Mzee Jailos alizaliwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Misheni ikamfundisha useremala, ikampandisha huku, akazeeka akitengeneza mabenchi ya kanisa. Alipopumzishwa kazi akasema atarudi kwao na boti yake mwenyewe, ya mbao za kuunga kwa misumari, siyo mtumbwi wa kuchonga kama wa wavuvi wenzake. Ataiunda uani, ataipakia kwenye lori mpaka ziwani, na wale waliobaki Matema watamtambua. Vijana wa barabarani wakamwita Nuhu. "Mzee Nuhu, mvua lini?" Naye hujibu, "Hata ikija kesho, ninyi hampandi." Alikuwa mzee mzuri. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele halitamsaidia kitu.

Kosa lake lilikuwa moja. Kwa ajili ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoibeba boti nzima kama uti wa mgongo, alitaka mvule usio na fundo. Mvule huo akauona kwenye korongo juu ya Chimala, mahali ambapo Wasangu huacha vibuyu vya pombe na kuondoka bila kugeuka nyuma. Wakamwambia, "Mzee, mti huo una mwenyewe." Akawajibu, "Mimi ni Mmoraviani." Akaukata, akakalia kisiki, akala viazi vyake, akapangusa mikono. Wasangu hawakumzuia. Walimtazama kama unavyomtazama mtu anayevuka mto uliofurika, na wewe umeshamwambia.

Sasa tangu asubuhi ile ya ukungu mambo yakaanza kwenda kombo. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka, ugali haujaguswa, mboga imeganda. Lakini takataka za randa, zile zilizokuwa zinajaa uani mpaka kuku wanazitagia, hazikuonekana tena hata chembe, na hakuna aliyefagia. Harufu ya tope la mtoni na kambale aliyeoza ilikuja kukaa kwenye nyumba ambayo haijawahi kupika kambale. Na kule kwenye boti, hata nyundo ikiwekwa chini, kulikuwa na kitu kinagonga. Kinagonga taratibu, kinapumzika, kinagonga tena.

Mbele ya boti mzee alikuwa ametengeneza chumba kidogo cha kuwekea nyavu, kimefunikwa kwa mbao, mtu mzima angeenea humo akijikunja. Tusekile aliona, alipokuwa akianua nguo, kwamba kifuniko chake kimepigiliwa misumari pande zote na kuzibwa kwa lami. Akasema moyoni, fundi ndiye anayejua kazi yake.

"Mama," Lusia akamwambia jioni wakiwa wanamenya ndizi, "kuna babu kwenye boti."

"Babu si ndiye anayeiunda? Unataka akae wapi?"

"Siyo yule. Mwingine. Yumo ndani. Anakuna mbao."

Kisu kikamponyoka Tusekile. "Anakwambia nini?"

"Haongei. Anakohoa tu. Nikimwambia babu toka, ndiyo anakohoa sanaaa."

"Usiende tena pale, umenisikia? Usiende!"

Mtoto ukimwambia usiende ndiyo umemwonyesha njia. Kesho yake mchana, manyunyu yanaanguka, Tusekile akamkosa Lusia jikoni, akamkosa kwa jirani, akazunguka uani na roho mkononi. Akamkuta amelala kifudifudi juu ya boti na kikombe cha bati, anamimina maji polepole kwenye ufa mwembamba kati ya mbao mbili, mahali lami ilipokosea. Na ndani ya ufa kulikuwa na kitu kinafyonza. Tusekile akasogea, akaona ncha ya ulimi wa kijivu, umepasuka-pasuka, unaramba mbao kutoka upande wa pili, unafuata kila tone.

"Ana kiu, mama," Lusia akasema.

Kitu kile kikasikia kwamba amekuja mtu mzima. Kikakohoa. Kikakohoa kwa nguvu zake zote, kikohozi kimoja baada ya kingine, mbao zikatetemeka. Na Tusekile, mkono wake wenyewe ukavuta kanga usoni kwa mazoea ya miaka sita, akamnyakua mtoto, akakimbia bila kutazama nyuma. Jikoni akamchapa Lusia kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. "Ukimpa tena maji nitakuvunja mkono! Unataka nikuzike na wewe?" Halafu akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Jirani yao alikuwa Damari, mama wa Kisafwa mwenye mdomo usio na kifuniko. Yeye si mkwe wa mtu pale. Macho yake yanakwenda yanakotaka.

"Damari, mzee umemwona leo?"

"Nimempita sasa hivi, anaranda mbao. Amenisalimia vizuri."

"Usoni yukoje?"

"Yukoje tena! Yuko kama Mzee Jailos. Amenenepa hata. Mama Lusia, wewe unaulizia uso wa baba mkwe, una wazimu?"

Tusekile akamwambia yote, kwa kunong'ona, mdomo kwenye sikio. Damari akaacha kutania. Akautazama ule mkuku wa mvule uliochungulia chini ya boti, akajisogeza karibu. "Yule mti haukuja peke yake," akasema. "Umekuja na mtu wake, na mtu wake amejifungia humo. Sasa anamvuta mtoto. Wanaanza na maji, dada yangu. Leo maji, kesho damu."

Ikawa hivyo, Tusekile akaamini hivyo. Na wewe ungeamini, usijitie ujuzi.

Anania akaitwa kwa mdomo wa dereva wa lori, akafika Jumamosi mchana na vumbi la Mufindi kwenye nyusi. Mkewe akamvutia jikoni, akaanza kumnong'oneza. Alipofika kwenye vikohozi viwili, Anania akamkatiza.

"Ngoja. Ulimwangalia baba?"

"Sikumwangalia! Nimesikia tu."

"Maana kama ulimwangalia—"

"Anania, mtoto wako anaitwa na jini, na wewe unauliza macho yangu yalikuwa wapi?"

Akatoka kwa hasira kwenda kwa baba yake. Walikaa uani muda mrefu. Aliporudi alikuwa mpole, macho mekundu. "Tata naye amekisikia," akasema, maana ndivyo alivyomwita baba yake. "Tangu siku ile ya ukungu. Alikifungia humo kwa misumari, akanyamaza, akaona haya kukiri kwamba Wasangu walisema kweli. Ndiyo maana hata chakula hakimshuki. Mzee wa watu amekonda kwa mawazo." Tusekile akamkumbuka Damari aliyesema amenenepa, lakini nani anabishana na mume siku mume huyo anapomwamini mkewe kwa mara ya kwanza?

Mganga waliyemwendea ni Saulo wa Chimala. Alibatizwa, akapewa jina hilo, ila watu wa kule hutania kwamba huyu Saulo bado hajafika Dameski. Akaja Jumapili baada ya ibada, na watu wakaja nyuma yake, maana nani anakosa jambo kama hilo? Akaizunguka boti na kibuyu chake, akanusa mbao, akatema mate. Akasema, "Hapa wapo wawili wanaokohoa. Mmoja wenu, mmoja siye. Jini ni fundi wa sura, sura msiihangaikie. Nitawauliza."

Akamwendea mzee aliyesimama kando ya ukuta. Wanawake wa ukoo wakageuka, na Tusekile kati yao, kanga imefunika uso. Alisikia tu.

"Wewe nani?"

"Mimi Jailos, mwana wa Mwaipopo, wa Matema."

"Sali."

Na sauti ikasali Baba Yetu, kwa Kinyakyusa cha ziwani, taratibu, tamu, mpaka amina. Mwishoni ilivunjika kidogo kwa machozi, na akina mama wakalia naye. Kisha Saulo akaigonga boti kwa fimbo.

"Na wewe humo, nani?"

Kikohozi.

"Sema jina lako!"

Kikohozi, na mkwaruzo wa kucha.

"Sali basi, kama unaweza."

Kikohozi kingine, chembamba, kama cha mtu anayelia na hana machozi.

Saulo akageukia watu akafungua mikono, kama kusema mmejionea. Na ukweli, kwa kuwa sitaki uumie kwa kubahatisha, ulikuwa huu: siku ile ya ukungu, alfajiri, jini lilimkuta mzee amejikunja ndani ya kile chumba akisugua mbao, likamchukulia sauti yake kooni kama unavyochukua kofia ya mtu aliyelala, likashusha kifuniko, likapigilia. Sauti moja haikai kwenye makoo mawili. Lilichomwachia ni kikohozi tu. Na mzee wa watu humo gizani, na ulimi mkavu, kila aliposikia hatua za mkwe wake alimwita kwa kitu pekee alichobaki nacho, na kitu hicho ndicho kile ambacho Tusekile amefunzwa maisha yake yote kukikimbia.

"Tufungue tuone," kijana mmoja akasema.

"Fungua wewe," Saulo akamjibu, "likurukie wewe." Kijana akarudi nyuma ya wenzake.

Sauti ya mzee ikasema kutoka ukutani, "Ni kazi ya mikono yangu. Lakini boti kitu gani mbele ya mjukuu? Chomeni." Anania akamshika baba yake bega, akalia mbele za watu.

Saulo akasema lazima awashe yule aliyelisikia kwanza. Wakampa Tusekile kijinga cha moto. Alimfikiria Lusia kifudifudi na kikombe chake, akawafikiria wale wawili waliolala nyuma ya kanisa, akakisukuma kijinga chini ya mkuku. Lami ikashika mara moja. Moshi mweusi ukapanda juu ya migomba, mbao zikaanza kupasuka, na ndani ya kile chumba kugonga kukaanza, siyo kule kwa taratibu tena bali kwa mikono na miguu na kichwa, na kikohozi kikaja juu ya kugonga, kikaja bila kupumzika, kikohozi juu ya kikohozi, nipishe, nipishe, nipishe, mpaka Tusekile, aliyesimama karibu kuliko wote na joto likimchoma magoti, akavuta kanga usoni na kuugeuzia moto mgongo, kama mkwe aliyelelewa vizuri.

"Tazama adabu hiyo," mwanamke mmoja akasema. "Hata jini analipisha!" Watu wakacheka. Walicheka, naapa, kwa sababu hofu ilikuwa inawatoka.

Kikohozi kikakatika. Harufu iliyofuata haikuwa ya mbao, na wenye akili walianza kuangalia chini.

Ndipo mtu akaja kusimama pembeni mwa Tusekile, karibu sana, kwa nyayo zilizolowa, bila kukohoa. Akasema chini chini, sauti ya kumtosha yeye peke yake:

"Tusekile."

Miaka sita sauti ile haikuwahi kulitaja jina lake. Wala haingeweza, mzee angekata ulimi wake kwanza.

"Inua uso, mkwe wangu. Umenifanyia kazi nzuri. Moto na mimi hatupatani, nisingeweza kuuwasha."

Aliinua uso. Angefanya nini? Aliona mzee mwenye ndevu nyeupe na macho ya upole, Lusia amelala begani kwake, mkono mdogo umezunguka shingo. Alitafuta kwenye uso ule kosa, pembe, jino, chochote, na hakuona, kwa sababu hakuwa na uso mwingine wa kuulinganisha nao.

"Siye!" akapiga kelele, akamrukia mtoto. "Siye huyu! Tumemchoma mzee! Nipe mwanangu, mwachie, mwachie mwanangu!"

Mzee akarudi nyuma, akajifunika uso kwa kiganja kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Watu wote waliona. Waliona mwanamke amemtazama baba mkwe wake machoni, amemshika nguo, mchana, mbele ya ukoo na kanisa. Anania akamdaka mikono.

"Siye? Wewe unajuaje?"

"Anania, siye, nakuapia!"

"Kama siye, yeye yukoje? Tuambie. Ana sura gani baba yangu?"

Tusekile akaugeukia tena uso ule, akautazama.

"Ama umekuwa ukimchungulia miaka yote hii?" Anania akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshakufa.

Majivu yalipopoa walikuta mifupa. Saulo akasema jini likifa huacha mifupa ya watu liliowala, akaagiza itupwe korongoni bila sala, ikatupwa. Kikao cha ukoo hakikuchukua muda. Baba yake Tusekile atoe ng'ombe wa kumsafisha mzee; mwanamke arudi kwao Tukuyu; mtoto abaki, maana mahari ya mama yake ililipwa yote. Damari alijaribu kusema neno, akaambiwa mambo ya Wanyakyusa yanamhusu nini Msafwa.

Siku ya kuondoka Anania alimsindikiza mpaka barabarani yeye mwenyewe, amembebea furushi la nguo, si mtu mbaya. Akamleta na Lusia waagane. Tusekile akapiga magoti kwenye changarawe, akamshika mtoto mashavu, akamnusa nywele. Zilinuka tope la mtoni.

"Unakula, mwanangu? Babu anakupa chakula?"

"Ananipa. Yeye hali." Lusia alikuwa na furaha, anarukaruka. "Mama, babu amelipata gogo lingine! Ananiundia boti yangu mimi. Nimelala chini, amenipima na tete la mtoni, kuanzia hapa" — akagusa utosi — "mpaka hapa," akagusa kisigino. "Anasema iwe ya kunibana vizuri, nisije nikatikisika njiani."

Tusekile alitoa sauti ambayo utingo wa lori, aliyezoea kilio cha watu wanaoagana, alisimulia kwa muda mrefu baadaye. Alimkumbatia mtoto, hakutaka kumwachia, ikabidi wanaume wawili wamfungue vidole.

Anania akamchukua Lusia, akampangusa vumbi magotini. "Si unamsikia mwenyewe jinsi mzee anavyompenda?" akamwambia mkewe, kwa upole kabisa. "Hatapata shida mtoto. Panda, wenzako wanakungoja."